Kutoka na watoto Berlin bila kumaliza mshahara: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kila Ijumaa jioni kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili wa Berlin swali ni lile lile, jamani wikiendi hii watoto tunawapeleka wapi, na majibu nayo ni yale yale, zoo, sinema, au kuzunguka zunguka kwenye maduka mpaka mtoto alale kwenye kigari. Sisemi zoo mbaya, ila familia ya watu wanne ikishalipa kiingilio na kula humo ndani, hela iliyotoka inauma, na mwisho wa siku umelipa euro kumtazama nyani yule yule anayekuibia mahindi shambani kwenu. Berlin vitu vya maana vya watoto vingi ni bure au karibu na bure, tatizo hakuna anayekukalisha chini akakuelekeza. Nimeandika kwa wanaoishi hapa lakini hata ukija kumtembelea shangazi wiki mbili itakusaidia.

Kitu kimoja ukishike kabla ya vyote: siku moja, sehemu moja. Wageni hasa wanapenda kupanga asubuhi Brandenburger Tor, mchana makumbusho, jioni mnara, mtoto wa miaka minne saa nane mchana anajitupa chini kwenye ngazi za U-Bahn (treni ya chini ya ardhi) na hapo hamna mazungumzo. Sehemu moja, na pembeni yake kiwanja cha kuchezea, inatosha kabisa.

Hatua ya 1: malizana na nauli

Mji umegawanywa kanda A, B na C. Karibu kila nilichoandika hapa kiko ndani ya AB, C ni huko Potsdam na uwanja wa ndege wa BER. Mtoto chini ya miaka 6 hapandi kwa hela, kuanzia 6 mpaka 14 analipa nauli ya mtoto, na kama anasoma shule ya Berlin ana kadi yake ya mwanafunzi ya AB ya bure kwahiyo huyo ondoa kwenye hesabu. Wageni msikate tiketi moja moja, chukueni ya saa 24, maana mtu mzima mwenye hiyo anaruhusiwa kuongozana na watoto mpaka watatu wa miaka 6 hadi 14 bila kuwalipia. Wengi hawajui, wanawakatia watoto wote. Wenye Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya nchi nzima, muwe makini, ile inakubeba wewe peke yako, mtoto wa miaka saba uliyembeba toka Hamburg kuja kutembea lazima awe na yake.

Tiketi ya karatasi ya kwenye mashine inagongwa muhuri kwenye kile kiboksi cha pale kituoni kabla hujapanda. Isipogongwa ni sawa na huna, na wakaguzi wanavaa nguo za kawaida kama abiria, faini euro 60. Ukiwa na watoto watatu na kigari na mfuko wa chakula hutaki mazungumzo hayo mbele ya behewa zima.

Kigari cha mtoto kinapanda bure, kwenye basi ingia mlango wa kati. Lifti za vituo ndio usiziamini sana, angalia kwenye apu ya BVG, kampuni ya usafiri ya mji, kabla ya kutoka kama lifti ya kituo chako inafanya kazi, la sivyo utabeba kigari ngazi arobaini. Ingawa niwape haki yao, Waberlin kwa ukavu wao wote, ukisimama na kigari chini ya ngazi atatokea mtu atashika upande mmoja, atapandisha na wewe, atakitua, ataondoka bila hata kusalimia.

Hatua ya 2: angalia hewa, halafu ndio uchague

Sio uchague halafu uombe mvua isinyeshe. Hewa ya hapa Aprili inabadilika mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Mimi Alhamisi jioni naangalia, ikionyesha mvua naenda orodha ya ndani, ikionyesha jua ya nje, ikiwa katikati naenda nje na nguo za mvua basi. Watoto waliokulia kwenye Kita (chekechea) za hapa hawana habari na mvua, walimu wanawatoa nje kwenye matope kila siku, anayeogopa ni wewe mama uliyezoea kwamba mtoto akinyeshewa anapata homa.

Kwahiyo nunua Matschhose, ile suruali ya mpira yenye mikanda ya mabegani, na mabuti ya mvua. Usinunue mpya. Watoto wanakua, nguo hizi zinauzwa kwa bei ya kutupa kwenye masoko ya mitumba ya Jumapili na kwenye yale ya watoto ambayo Kita na makanisa wanaandaa, na zingine utazikuta tu kwenye boksi nje ya mlango wa mtu zimeandikwa kwamba ni za kuchukua bure.

Hatua ya 3: begi

Maji, chakula, nguo ya kubadili moja kamili mpaka soksi, pampasi kama bado yupo huko, vitambaa vya kufutia, mfuko wa plastiki wa nguo zilizolowa. Chapati zimekunjwa kwenye foili na chupa ya chai, hapo huna deni na mtu. Jumapili ndio kabisa usitoke mkono mtupu, maduka makubwa yote yamefungwa kwa sheria, yanayobaki ni mikate asubuhi, vile viduka vya Späti, na baadhi ya maduka ndani ya stesheni kubwa ambayo foleni yake utaikimbia.

Waislamu, jihadharini na vitu vidogo. Soseji ya pale kwenye kibanda cha bustanini ukikuta haijaandikwa chochote basi hesabu ni nguruwe, na peremende za kutafuna nyingi zina gelatini ya nguruwe, watoto wenzake wanagawana kwa upendo kabisa pale kwenye mchanga. Mfundishe mtoto mapema aulize, au weka zako mfukoni za kubadilishana, bila ugomvi.

Hatua ya 4, siku ya mvua: mpeleke akamwone mjusi wetu

Hapa nitakaa kidogo maana hii ndio safari ambayo mtoto yeyote wa Kitanzania anayekua Berlin asipopelekwa ni aibu ya wazazi.

Panda U6, shuka kituo kinachoitwa Naturkundemuseum, tembea dakika chache mpaka makumbusho ya viumbe asilia, Invalidenstraße 43. Jumatatu wanafunga. Mtoto chini ya miaka 6 bure, wakubwa mnalipa, na angalia kwanza kwenye tovuti yao kama ukumbi wa dinosaria uko wazi siku hiyo maana jengo ni la zamani na matengenezo hayaishi. Unaingia mlangoni, unapita, na mara moja uko kwenye ukumbi wenye paa la kioo na mjusi wetu, dinosaria aitwaye Giraffatitan, amesimama mbele yako. Urefu mita 13.27 kwenda juu, ndio mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa mirefu kuliko yote duniani na imeandikwa kwenye vitabu vya rekodi. Mtoto anaanza na kucha, anapandisha macho kwenye mguu, goti, bega, halafu shingo, shingo haiishi, mpaka kichwa kinaangukia mgongoni kwake mwenyewe na mdomo uko wazi. Mwache hapo. Usimwambie kitu kwanza.

Halafu mwambie: huyu ametoka Lindi. Mifupa ilichimbwa kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi, kati ya 1909 na 1913, vita vya Majimaji vimeisha miaka miwili tu nyuma na kusini yote imebaki njaa na makaburi. Wachimbaji walikuwa mamia ya watu wetu, wanaume kwa wanawake kambini, na msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani, jina hilo mtoto alishike kama anavyoshika majina ya wale wanasayansi wa Kijerumani. Tani zipatazo 250 za mifupa na mawe zilibebwa kichwani na begani, siku kadhaa porini, mpaka bandarini Lindi ndio zikapakiwa meli. Kumuunganisha huyu mkubwa kulichukua muda, akasimamishwa mwaka 1937. Pembeni yake kuna wengine wa Tendaguru pia, mtafute Kentrosaurus, mdogo, mgongoni ana miiba, watoto wa kiume wanampenda huyo kuliko yule mrefu.

Mtoto mwenye akili ataliuliza lile swali, kwanini hajarudi nyumbani? Mjibu vile unavyoamini wewe, hata bungeni Dodoma hoja hiyo imefika zaidi ya mara moja na watu hawakukubaliana. Mimi binafsi naona angalau hela ya hicho kiingilio kijiji cha Tendaguru kingeisikia harufu yake, lakini tusonge mbele.

Ukitoka hapo kuna chumba cha giza cha kioo chenye samaki, nyoka na mijusi kwenye chupa za spiriti, chupa laki mbili na ushee zimepangwa mpaka juu, zinawaka rangi ya chai ya rangi. Watoto wengine wanapagawa kwa furaha, wengine wanalia, mjue wako kabla. Saa mbili zinatosha jengo zima, usijaribu kumaliza kila kioo.

Mbadala wa mvua ni Deutsches Technikmuseum, shuka Gleisdreieck au Möckernbrücke, utaliona kwa mbali maana juu ya paa wametundika ndege nzima ya zile zilizoleta chakula Berlin wakati Warusi wamefunga njia 1948 na 1949. Watoto chini ya 18 hawalipi. Humo kuna vichwa vya treni za mvuke vya kweli, unasimama kwenye reli chini ya gurudumu lililokuzidi urefu. Tahadhari moja kwa wazazi: katikati ya mabehewa kuna behewa la mizigo linaloeleza jinsi Wayahudi walivyosafirishwa kwenda kuuawa, watoto wa shule watasimama watauliza, jiandae na jibu la umri wake badala ya kumvuta mkono. Tiketi hiyo hiyo inakuingiza jengo la jirani liitwalo Spectrum, huko kila kitu kinashikwa, kinazungushwa, kinapulizwa, na ndio mtoto atakapogoma kutoka. Mvua ikikatika Park am Gleisdreieck iko mlangoni.

Na kama huna hata nguvu ya makumbusho, panda Ring, treni ya S-Bahn ya mzunguko. S41 inazunguka mji mzima kwa upande wa saa, S42 inarudi kinyume, mzunguko ni kama saa moja, mtoto dirishani, wewe na chai yako. Ila kwa hilo uwe na tiketi ya siku au ya mwezi, ile ya safari moja hairuhusu kuzunguka na kurudi ulikotoka. Wageni wafanye hivyo hivyo kwa basi namba 100, ghorofa ya juu kiti cha mbele kabisa, toka Zoo mpaka Alexanderplatz linapita mnara wa Siegessäule, bunge, na Unter den Linden, ni utalii wote wa basi jekundu kwa nauli ya kawaida.

Hatua ya 5, siku ya jua: toka Lucy Lameck mpaka uwanja wa ndege

Safari hii nimeitengeneza kwa ajili ya familia zetu na haina kiingilio hata senti.

Shukeni Hermannplatz. Pale mnaweza kununua matunda sokoni, na Sonnenallee iko hapo hapo kwa mwenye njaa ya falafel au kuku wa halali. Tembeeni mtaa wa Hasenheide kidogo, mkono wa kushoto mtaona kibao, Lucy-Lameck-Straße. Pigeni picha. Mpaka mwaka 2021 mtaa huu ulikuwa na jina la Hermann von Wissmann, yule afisa wa Kijerumani aliyeletwa pwani yetu kuzima vita vya Abushiri na mwisho wake Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Sasa una jina la Lucy Lameck wa Moshi, mwanaharakati wa TANU na mwanamke wa kwanza Tanzania kushika nafasi ya ngazi ya uwaziri. Mtoto wa kike wa darasa la pili anayesikia kila siku kwamba Afrika ni sehemu ya kuchangiwa nguo, akisoma jina la mama wa kwetu kwenye kibao cha Kijerumani, anasimama tofauti.

Ingieni bustani ya Hasenheide, kuna kibustani cha wanyama na viwanja vya kuchezea, kaeni hapo mpaka miguu ipumzike. Upande wa pili unatokea Columbiadamm. Msikiti wa Şehitlik uko hapo hapo barabarani, minara miwili, mzuri kwelikweli, kama adhuhuri imeingia mnaswali kwa utulivu na watoto wanastaajabu nakshi. Halafu songeni mbele.

Mbele yenu sasa ni Tempelhofer Feld. Ulikuwa uwanja wa ndege mpaka 2008, 2010 ukafunguliwa kwa watu, na 2014 wenye mji wakapiga kura kwamba hamna kujenga nyumba humo. Zaidi ya hekta 300 za uwazi, njia za kurukia ndege bado zipo na alama zake, na mtoto wako anaendesha baiskeli katikati ya ranwei bila gari hata moja. Hapa ndio pa kumfundishia baiskeli bana, usihangaike na vichochoro. Upepo haukosekani kwahiyo beba tiara, za kununua au mtengeneze wenyewe kwa njiti na nailoni, utakuta Wajerumani wazima na matiara ya mita tatu wanamkubali mtoto aliyekuja na ya gazeti. Kivuli hakuna, Julai kofia na maji ni lazima. Kuchoma nyama kunaruhusiwa sehemu zilizotengwa tu, ziko kwenye ramani ya getini, na majira ya kuchipua kuna eneo wanalifunga kwa ajili ya ndege wanaotagia kwenye nyasi, usivuke kamba. Mageti yanafungwa jua likizama, na jua la Novemba linazama saa kumi jioni, usije ukajikuta unatafuta geti gizani na watoto wawili.

Ukishazoea baiskeli, sheria ya barabarani ya hapa iko hivi: mtoto mpaka miaka 8 lazima apite njia ya waenda kwa miguu, mpaka 10 anaruhusiwa, na mzazi unaweza kumsindikiza juu ya hiyo hiyo njia na baiskeli yako mpaka atimize miaka 8 tu.

Wanaoishi Wedding wana toleo lao. Afrikanisches Viertel, yaani Mtaa wa Kiafrika, mitaa yenye majina kama Sansibarstraße, na tangu 2024 kipande kimoja cha iliyokuwa Petersallee kinaitwa Maji-Maji-Allee. Carl Peters huyo, mkoloni wa Kijerumani aliyeitwa Mkono wa Damu, ndio ametolewa. Mwaka uliotangulia, Novemba 2023, rais wa Ujerumani Steinmeier alikuwa Songea anaomba msamaha kwa hayo hayo ya Majimaji. Mtoto akichoka na historia, bustani ya Rehberge iko jirani, ina mabanda ya wanyama wa msituni wa hapa na nafasi ya kukimbia mpaka achoke.

Hatua ya 6: kiwanja cha kawaida, siku ya kawaida

Sio kila wikiendi ni safari. Mji una viwanja vya watoto vya umma zaidi ya 1,800, hakuna mtaa usio na chake, na vizuri ni vile vyenye pampu ya maji. Ni pampu ya chuma ya mkono, unainua na kushusha, iko juu ya mfereji wa zege unaomwaga kwenye mchanga. Mtoto hana nguvu ya kutosha kuipampu peke yake kwahiyo anaita mwenzake asiyemjua, mmoja anapampu, mwingine kashachimba bwawa, wa tatu anakuja na kiatu chake kubebea maji, ndani ya robo saa wanagombana kwa Kijerumani, Kituruki na Kiswahili kuhusu nani kabomoa ukuta, na Kijerumani cha mtoto aliyekuja mwezi jana kinakua hapo kuliko darasani. Wewe usiingilie. Wazazi wa hapa wanakaa pembeni kimya hata mtoto akipanda juu, mwanzoni moyo unadunda, ukimpigia kelele toka kwenye benchi "shuka utavunjika!" wote wanageuka kukuangalia wewe, sio mtoto.

Wakubwa kuanzia 6 wapeleke Abenteuerspielplatz, kiwanja cha kujenga kwa nyundo, misumari na mbao za kweli, kuna wasimamizi, na pale Kolle 37 Prenzlauer Berg wazazi siku nyingi wanaombwa wabaki nje. Bure. Wadogo wapeleke Kinderbauernhof, kishamba cha mifugo katikati ya mji, ule wa Görlitzer Park au Pinke-Panke kule Pankow. Najua unacheka, mbuzi na kuku tumeviacha kwa bibi, lakini mwanao hajawahi kuvishika.

Hatua ya 7: maji, na hapa sina utani

Berlin ni mji wa maziwa. Ukishuka S-Bahn Schlachtensee ziwa liko pale chini ya stesheni, Krumme Lanke ni mwisho wa U3, na Strandbad Wannsee kwa S-Bahn ya Nikolassee ina ufukwe wa mchanga wa zaidi ya kilomita moja, imekuwepo tangu 1907, ina kiingilio na waokoaji na maji yake yanaenda kina taratibu. Kwa mwenye watoto wadogo nasema Wannsee, usiende ziwa la bure. Schlachtensee inashuka kina ghafla hatua chache toka ukingoni na sehemu kubwa haina mwokozi.

Wengi wetu wazazi hatujui kuogelea, hata tuliotoka pwani, tusidanganyane. Mwandikishe mtoto mapema kwenye kozi ya Seepferdchen, ile nembo ya kwanza ya kuogelea, foleni ni ndefu kwahiyo anza kuulizia akiwa na miaka minne. Kuipata anaruka toka ukingoni, anaogelea mita 25, anaokota kitu majini kwenye kina cha mabega yake. Ile nembo ya farasi wa majini unaishonea kwenye nguo ya kuogelea, watoto wanaringa nayo kweli. Lakini hata akiipata bado hajawa muogeleaji wa kuachwa ziwani, kaa naye umbali wa mkono. Shule zinafundisha darasa la tatu, ukisubiri mpaka hapo umechelewa majira matatu ya joto.

Wanaojisitiri, mavazi ya kuogelea ya kufunika mwili yanaruhusiwa kwenye mabwawa ya mji mradi ni kitambaa cha kuogelea. Na mjiandae kisaikolojia, ziwani watu wa hapa wanavua nguo zote na kulala juani wanasoma gazeti, Wannsee wametengewa upande wao, maziwa ya bure hawajatengewa kitu. Mtoto atauliza kwa sauti. Mwambie ndio utaratibu wao, endeleeni kutembea.

Asiyetaka kulowa apande kivuko F10 toka Wannsee kwenda Kladow, dakika 20 juu ya maji na tiketi ile ile ya AB, watoto wanaona mmeenda safari kubwa sana.

Hatua ya 8: choo na hela ndogo ndogo

Viwanja vingi havina choo. Vyoo vya barabarani vingine bure vingine senti 50, na vingi siku hizi havipokei sarafu, vinataka kadi. Kabla ya kutoka makumbusho au mgahawani kila mtu anakojoa, hata anayesema hajisikii, hasa huyo.

Mnaopokea msaada wa Jobcenter au Wohngeld (msaada wa kodi ya nyumba), ulizeni kuhusu Bildung und Teilhabe, msaada wa elimu na michezo ya watoto. Inalipa safari za shule na Kita, na euro 15 kwa mwezi kwa mtoto kujiunga na klabu ya mpira, muziki na vitu kama hivyo. Ni haki ya mtoto, sio kuomba, fomu yenyewe ndio inachosha.

Kwenye kalenda wekeni alama mbili tatu: Pentekoste kuna Karneval der Kulturen, mitaa imejaa ngoma, bebeni viziba masikio vya watoto wadogo. Karibu na tarehe 11 Novemba Kita zinatoka jioni na taa za karatasi, nguo za joto na taa ya betri badala ya mshumaa. Masoko ya Krismasi mwisho wa Novemba, nendeni mchana siku ya kazi, jioni kigari hakipiti.

Hatua ya 9: kurudi

Ondokeni wakati mtoto bado anacheka. Ukisubiri achoke ndio muanze safari, dakika arobaini za U8 zitakuwa ndefu. Toa taarifa mara mbili, bado dakika kumi, bado mteremko mmoja, halafu simama kweli na uondoke, ukirudi kukaa mara moja tu hatakuamini tena.

Na chupa zenu za plastiki na makopo msitupe, nyingi zina Pfand, yaani amana inayorudishwa, ya senti 25, mwachie mtoto aziingize mwenyewe kwenye mashine ya supamaketi, abonyeze kitufe, achukue risiti na hela iwe yake, wangu anaokota mpaka za wenzake bustanini. Ila Jumapili mashine nazo ziko ndani ya duka lililofungwa, kwahiyo mfuko wa chupa utakaa kwenye korido mpaka Jumatatu na atakukumbusha kabla hujavua viatu vya kazini.